Amana Iliyo Nyuma ya Namba ya Siri

Katika vibanda vya mawakala wa fedha mjini Tunduma, mkoani Songwe, kuanzia Sogea hadi karibu na kivuko cha kwenda Nakonde, kuna jambo linalotokea mchana kutwa wala halimshtui mtu. Mteja anafika kutoa hela. Huenda ni mkulima wa kahawa aliyetoka Mlowo, huenda ni dereva wa lori aliyekwama kwenye foleni. Anamkabidhi wakala simu, na inapofika zamu ya namba ya siri anaitaja kwa sauti, tarakimu nne zikifuatana, huku wateja wengine wamesimama nyuma yake na masikio wanayo. Akikumbushwa kwamba namba hiyo hufichwa, hujibu kuwa hapa tunajuana na tunaaminiana. Jibu hilo lina heshima yake na halifai kubezwa, kwa maana limebeba swali la kweli la dini na falsafa. Je, kumficha mtu wa karibu neno lako la siri ni kumnyima imani? Kama undugu ni kushirikiana, na kama ndoa ni kuwa mwili mmoja, mbona tuambiwe kila mmoja awe na kufuli lake? Wanaotufundisha usalama wa mtandao hujibu upesi kuwa ni kwa ajili ya kulinda hela zako. Wanasema kweli, lakini ukweli huo hautoshi kumgeuza mtu anayeamini kwamba kupendana ni bora kuliko hela. Ninachodai hapa ni kikubwa zaidi: kutunza nywila na namba ya siri ni wajibu wa haki kwa watu wengine. Anayeitoa ovyo huwakosea watu wa aina mbili: wale ambao mambo yao yamewekwa nyuma ya siri hiyo, na yule yule aliyepewa kwa upendo.

Tuanze na kazi ya neno la siri lenyewe, kwa sababu maneno ya namna hiyo si ya aina moja. Kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, kinasimulia jinsi Wagileadi walivyovishika vivuko vya Yordani, wakawa wanamtaka kila anayevuka atamke neno Shibolethi. Waefraimu hawakuweza kulitamka sawasawa, na kwa kosa hilo la ulimi wakauawa. Kitabu kinataja watu 42,000. Neno lile lilikuwa la kundi. Kila Mgileadi alikuwa nalo, na mlinzi wa kivuko hakutaka kujua wewe ni fulani mwana wa fulani. Alitaka kujua kabila lako tu. Lipo neno jingine la kundi, hili la amani, ambalo mkoa wa Songwe umelirithi. Kanisa la Moravian, lililofika Mbozi mwishoni mwa karne ya 19, lina desturi ya andiko la kila siku linalosomwa na waumini wake katika nchi nyingi. Desturi hiyo ilianzia Herrnhut, Ujerumani, mwezi Mei 1728, pale Nikolaus von Zinzendorf alipowapa waumini neno moja la kushika siku iliyofuata, na tangu mwaka 1731 maneno hayo yamekuwa yakichapishwa kitabu kwa ajili ya kila mwaka. Neno la aina hiyo hupata nguvu kwa kugawiwa: kadiri wanaolijua wanavyoongezeka, ndivyo jumuiya inavyozidi kuwa moja. Nywila imezaliwa kwa haja tofauti kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika mfumo wa kompyuta ulioitwa CTSS kwenye chuo cha MIT nchini Marekani, Fernando Corbató na wenzake walikuta watu wengi wanatumia mashine moja, kila mmoja akiwa na mafaili yake na muda wake aliopangiwa. Mashine haina macho ya kumtambua mtu. Wakaipa njia ya kuuliza neno ambalo mtu mmoja tu analijua, ili kazi iliyofanywa kwa jina lake iwe kweli imefanywa naye. Kwa hiyo neno la kundi hueleza sisi ni akina nani, na nywila hueleza ni nani kati yetu. La kwanza ukiligawa umejenga. La pili ukiligawa limekufa, hata kama hakuna shilingi iliyoibiwa.

Hapo ndipo jambo linapogusa dini na falsafa. John Locke, katika toleo la pili la insha yake kuhusu akili ya binadamu, lililotoka mwaka 1694, alifundisha kwamba tunapomtaja mtu, kwa maana kamili ya mtu, tunamaanisha kiumbe anayeweza kuhesabiwa matendo yake, akasifiwa au akaadhibiwa kwa hayo. Makanisa na misikiti ya Tunduma inatofautiana kwa mengi, lakini kwa hili inasema mamoja: kila nafsi itasimama mbele ya Mungu na kujibia yake. Basi tuangalie kazi za mpakani. Tangu Oktoba 2019, Marais John Magufuli wa Tanzania na Edgar Lungu wa Zambia walipozindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, mzigo hukaguliwa na nchi zote mbili mahali pamoja, na nyaraka zake huingizwa kwenye mifumo ya kompyuta. Wakala wa forodha hutoa tamko la mzigo kwenye mfumo wa Mamlaka ya Mapato kwa akaunti aliyopewa yeye. Karani akimwachia mwenzake nywila ili amalizie kazi wakati yeye amekwenda kula, tamko litakaloingia saa hiyo litakuwa na jina la aliyekwenda kula. Likiwa na uzito wa uongo au bidhaa iliyobadilishwa jina, mfumo utasema ni yeye. Akikana, atalazimika kukiri kwamba jina lake halimaanishi tena mtu mmoja, na hapo matamko yake yote ya nyuma, hata yale aliyoyafanya kwa uaminifu, yanatiliwa shaka. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu kuingia kwenye mfumo wa kompyuta bila haki na kujifanya mtu mwingine, lakini hakuna sheria inayoweza kumfikia mkosaji ikiwa watu wanne wanatumia jina moja. Mtu aliyegawa nywila yake ametoa uwezo wake wa kujibia matendo yake, na uwezo huo ndio unaomfanya aaminike.

Kutoka hapo tunafika kwenye amana. Ni kosa kudhani kwamba vilivyo nyuma ya nywila ni mali ya mwenye nywila. Fungua simu ya mama anayeuza mchele Mwaka Kati. Mna namba za wateja wake, mna orodha ya wanaodaiwa, mna picha za watoto wa dada yake, mna ujumbe wa rafiki aliyemweleza ugonjwa asiomwambia mtu mwingine, mna hela ya michango ya msiba aliyokabidhiwa kwa siku mbili. Hela yake mwenyewe ni sehemu ndogo ya vyote hivyo. Walioyaweka mambo yao kwake hawakumpa ruhusa ya kuyapitisha kwa mtu wa tatu. Katika Uislamu jambo hili lina mfano unaojulikana na kila mtoto wa madrasa. Mtume Muhammad alipotoka Makka mwaka 622, akiwa anawindwa auawe, alimwacha Ali nyuma arudishe amana za watu zilizokuwa mikononi mwake, zikiwamo za watu wa mji ule ule uliokuwa ukimwinda. Uadui wao haukufuta haki yao juu ya kile walichokiweka. Ikiwa amana ya adui ilistahili kulindwa wakati wa hatari ya kifo, vipi siri ya rafiki ipotee kwa sababu mtu aliona aibu kumwambia shemeji yake kwamba hampi neno la kufungulia simu?

Biblia nayo ina kisa kinachofika mahali hapo hapo kwa njia nyingine. Katika Waamuzi sura ya 16, wakuu wa Wafilisti walimwahidi Delila kila mmoja vipande 1,100 vya fedha endapo angeipata siri ya nguvu za Samsoni. Mara tatu Samsoni alimdanganya. Kilichomshinda mwishoni ni hoja ya mapenzi: Delila alimlaumu kwamba hawezi kudai anampenda huku moyo wake ukiwa mbali naye, akamsonga kwa maneno siku baada ya siku hadi akachoka. Wahubiri wengi hukisoma kisa hiki kama onyo juu ya wanawake, na kwa kufanya hivyo hupoteza fundisho lake. Kosa la Samsoni halikuwa kupenda. Kosa lake lilikuwa kutoa kitu kisichokuwa chake. Nguvu ile alikabidhiwa kwa nadhiri tangu tumboni mwa mama yake, kwa ajili ya watu wa taifa lake, na nywele zake zilikuwa alama ya nadhiri hiyo. Alipoitoa ili kuthibitisha mapenzi, alilipa deni la nyumbani kwa mali ya watu wengine. Tena kisa kinaonyesha kwamba shinikizo lenyewe ni dalili. Anayekupenda anaweza kukuuliza mara moja. Anayekusonga kila siku, akiyageuza mapenzi kuwa mizani ya siri, ameshaonyesha anachokitafuta.

Sasa nije kwa yule aliyepewa, kwa maana kosa analotendewa huwa halionekani. Tuseme kijana wa duka pale Kaloleni amepewa na tajiri yake namba ya siri ya laini ya biashara. Tajiri anaona amemheshimu. Kwa kweli amemtwika mzigo. Siku shilingi laki tatu zikipotea, kijana huyu hana namna ya kujitetea, awe ameiba au hajaiba. Mwizi anaweza kuwa mtu aliyechungulia begani kwa tajiri, au tapeli aliyempigia simu tajiri mwenyewe na kumlaghai, lakini macho yote yatamgeukia aliyeijua namba. Hataweza kuthibitisha kwamba hakuitumia, kwa sababu muamala wa tajiri na muamala wa kijana unafanana kwa kila kitu. Dini zote zinakataza kumshuhudia jirani uongo, na Kurani inaonya dhidi ya dhana mbaya. Ni vigumu kuwaza vibaya juu ya mtu ambaye hakuwa na njia ya kutenda, na ni rahisi mno kuwaza vibaya juu ya mtu ambaye ulimpa njia wewe mwenyewe. Kumnyima mtu namba ya siri ni kumkinga na tuhuma ambayo kesho huenda wewe ndiye utakayeitoa.

Watu wa Songwe, kama Watanzania wengine, wanalijua hili vizuri, na ushahidi upo kwenye vikundi vyao vya kuweka na kukopa. Kwenye vikundi vingi vya hisa sanduku la chuma huwa na kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na sanduku lenyewe hulala nyumbani kwa wa nne. Siku ya mkutano watatu hao wasipokuwapo wote, sanduku halifunguliwi. Likifunguliwa, hela huhesabiwa hadharani na kila mmoja anasikia. Hakuna mtunza hazina aliyewahi kuona kufuli zile ni matusi. Kinyume chake, ndizo zinazomwezesha kutembea sokoni kichwa juu, kwa kuwa hata akitaka kuiba hawezi, na kila mtu anajua hawezi. Wanachama hao hawakuanza kwa kutoaminiana. Wametengeneza utaratibu ambao imani yao inaweza kukaa ndani yake bila kuvunjika. Kampuni ya Vodacom ilipoanzisha huduma ya M-Koba mwaka 2019 ilifuata busara hiyo hiyo ya vijijini: hela ya kikundi haitoki mpaka watu zaidi ya mmoja waidhinishe, kila mmoja kwa namba yake. Kama tunakubali kwamba watu thelathini wanaopendana na kuzikana wanahitaji kufuli tatu, hatuna sababu ya kuona aibu kuwa na kufuli moja.

Pingamizi la kwanza na zito zaidi linatoka kwenye ndoa. Wawili wamekuwa mwili mmoja. Iweje mwili uwe na siri na mwili? Nakubali kwamba mke na mume wana deni la kuwa wazi wao kwa wao. Mume anayeficha mshahara, mke anayeficha mkopo, wote wawili wanavunja ahadi, na hakuna nywila inayopaswa kuwa pazia la udanganyifu huo. Lakini deni hilo ni la kueleza, na kueleza ni tendo la hiari la mtu kwa mtu. Anayesema ukweli kwa sababu ameulizwa amempa mwenzake kitu. Anayepekuliwa simu amelala hajatoa kitu chochote, na anayepekua hajapokea uaminifu, amepata taarifa tu. Kurani imewaita wanandoa vazi la kila mmoja kwa mwenzake, na ni kitabu hicho hicho kinachokataza waumini kupelelezana, katika sura ya 49. Isitoshe, simu ya mume ina siri za watu ambao hawakufunga ndoa na mke wake. Padri hafunguliwi ulimi na udugu wowote kuhusu aliyoyasikia kwenye kitubio. Sheria ya Kanisa Katoliki inamtenga anayethubutu kuivunja siri hiyo moja kwa moja. Muuguzi wa hospitali ya Vwawa, mwalimu, mwanasheria, kiongozi wa kikundi, wote hawa wana viapo au ahadi ambazo ndoa haizifuti. Wanandoa wanaotaka kushirikiana hela wafungue akaunti ya wote wawili, kila mmoja aingie kwa jina lake. Hapo wameshirikiana mali na kila mmoja amebaki mtu kamili wa kujibia tendo lake.

Pingamizi la pili ndilo linalonigusa zaidi, kwa sababu si la nadharia. Bibi wa miaka sabini kule Ileje ana simu ya kitochi, macho yamefifia, hajui kusoma, na mwanawe aliye Dar es Salaam humtumia hela ya dawa. Kumwambia asimtajie mtu namba ya siri ni kumwambia asile. Yeye hajazembea; mfumo ulijengwa ukamfikiria mtu mwenye macho na elimu, kisha akalazimishwa kuutumia. Hapa sitamlaumu bibi, wala sitajifanya kwamba kanuni ni nyepesi kwake. Ninachosema ni kwamba udhaifu wake unaongeza wajibu wa wengine. Aliyesikia namba ya bibi amebeba amana bila kuiomba, na dhambi ya kuitumia ni nzito kuliko ya mwizi wa barabarani. Ukoo unaweza kumchagua mjukuu mmoja, mmoja tu, na kutangaza mbele ya jamaa kwamba ndiye msaidizi, ili kama kuna swali ajulikane wa kuulizwa. Mwana wa Dar es Salaam anaweza kumpigia mama yake baada ya kila muamala na kumuuliza amepokea kiasi gani mkononi. Wakala anaweza kumwelekeza vidole vyake vibonyeze mwenyewe, kwa kuwa wengi wasiojua kusoma wanazijua tarakimu kwa mahali zilipo. Na kampuni za simu, ambazo huchukua alama za vidole za Watanzania kusajili laini, haziwezi kusema kwamba teknolojia ya kumtambua bibi bila maandishi haipo. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inawataka wanaokusanya taarifa za watu wazilinde. Ni haki kudai ulinzi huo umfikie asiyejua kusoma pia.

Wa tatu atasema Mungu ndiye mlinzi, na kwamba kujisumbua na kufuli ni upungufu wa imani. Zaburi inasema kweli kwamba mlinzi wa mji hukesha bure ikiwa Mungu haulindi, lakini haikumwambia mlinzi akalale. Na hadithi inayojulikana sana ya Mtume, aliyoulizwa kuhusu ngamia, inafundisha kumfunga kwanza ndipo kumtegemea Mungu. Imani isiyotaka kazi ni rahisi kutekwa na matapeli, na matapeli wanalijua hilo. Ujumbe mfupi usemao ile hela itume kwenye namba hii umezunguka nchi nzima kwa miaka mingi, na ripoti za Mamlaka ya Mawasiliano zimekuwa zikiutaja mkoa wa Rukwa, jirani wa Songwe, kati ya mikoa inayoongoza kwa majaribio ya ulaghai. Wengine hupiga simu kama watumishi wa huduma kwa wateja, huongea kwa upole, humwita mtu mama au mzee wangu kwa adabu zote, kisha huomba namba ya siri au tarakimu za uhakiki zilizotumwa kwenye simu yake. Wanachoiba kwanza ni adabu yetu ya kutomkatalia mtu mstaarabu. Hakuna kampuni ya simu wala benki inayohitaji kuambiwa namba ya siri ya mteja ili imhudumie, kwa hiyo kila anayeiomba, hata akiomba kwa jina la Mungu, anaomba kitu asichostahili. Kumkatalia na kuutuma ujumbe wake kwenye namba 15040 ya Mamlaka ni tendo la kumpenda jirani ambaye angepigiwa baada yako.

Pingamizi la nne linasema kwamba siri ndiyo inayofuga uovu: mzinzi ana nywila, mla rushwa ana nywila, hata tapeli ana nywila. Ni kweli. Yesu mwenyewe aliwakemea waliofanya maovu kwa kificho. Lakini katika Mathayo sura ya 6 aliwaagiza wafuasi wake watoe sadaka kwa siri na wasali mlango ukiwa umefungwa, kwa kuwa mema yanayofanywa ili yaonekane huharibika. Mlango uliofungwa basi hauna maadili yake wenyewe. Unachukua maadili ya aliye ndani. Anayetaka kuuondoa uovu kwa kuvunja milango yote atavunja na wa anayesali, wa mgonjwa, na wa msichana anayemwandikia shangazi yake kwamba anapigwa nyumbani. Katiba ya Tanzania, ibara ya 16, inampa kila mtu haki ya faragha na inaiachia sheria kueleza ni lini na kwa njia gani haki hiyo inaweza kuingiliwa. Huo ndio mlango halali wa kumfikia mhalifu. Kwa watoto wadogo mzazi ana haki ya kujua zaidi, na haki hiyo ipungue kadiri mtoto anavyojifunza kujibia yake.

Ikiwa kutunza siri ni wajibu wa haki, basi kuitunza vibaya ni kosa, na hapa maarifa ya kawaida yanakuwa sehemu ya maadili. Namba ya tarakimu nne ina uwezekano 10,000 tu, na anayeweka mwaka wake wa kuzaliwa ameupunguza hadi chini ya mia moja. Kila aliyehudhuria kipaimara chake anaweza kukisia. Mwaka 2009 kampuni ya Marekani iitwayo RockYou iliibiwa nywila zaidi ya milioni 32, na iliyotumiwa na watu wengi kuliko zote ilikuwa 123456. Wizi huo ulikuwa na funzo jingine: mtu aliyetumia neno moja kila mahali alipoteza kila mahali, kwa sababu wadukuzi huchukua neno lililoibiwa hapa wakalijaribu kule. Kwa hiyo barua pepe, benki na mtandao wa kijamii kila kimoja kinahitaji neno lake. Tena neno refu linashinda neno gumu. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilitoa mwongozo mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulioeneza desturi ya kuchanganya alama na kubadili nywila kila baada ya muda. Mwaka 2017 iliurekebisha, ikasisitiza urefu na kuacha kuwalazimisha watu kubadili bila sababu, kwa kuwa waliolazimishwa walikuwa wakiongeza tarakimu moja tu mwishoni. Maneno manne au matano yasiyohusiana, unayoweza kuyakumbuka kwa Kinyiha, Kinyamwanga au Kiswahili, ni imara kuliko jina la mtoto lililopambwa kwa alama. Yakiwa mengi kupita kichwa, ziko programu za kutunza nywila zinazofungwa kwa neno kuu moja; na asiye na simu janja anaweza kuandika kwenye daftari linalokaa kabatini nyumbani, ambako mdukuzi wa mbali hafiki. Uthibitisho wa hatua mbili nao huongeza kufuli la pili, hasa kwenye barua pepe, maana aliyeishika barua pepe yako anaweza kuomba nywila zako nyingine zote zibadilishwe.

Lipo pia la kifo, ambalo siri isiyo na utaratibu hulifanya kuwa msiba wa pili. Mtu akifa na nywila zake zote, hela ya kikundi inaweza kukwama, na picha za mama zikapotea. Wengine husema hii ndiyo sababu ya kumpa ndugu namba ya siri mapema. Mimi naona ni sababu ya kuandika wasia. Uislamu unahimiza wasia wa mwenye kitu cha kuusia, na sheria za nchi zina njia ya mirathi ambayo msimamizi aliyethibitishwa na mahakama hufuata benki na kampuni za simu. Orodha ya akaunti na mahali funguo zake zilipo, katika bahasha iliyofungwa kwa mtu anayeaminika, inampa mrithi haki yake kwa wakati wake. Anayetoa namba kwa mdomo miaka kumi kabla amempa mtu huyo tuhuma ya miaka kumi.

Haya yote yanawadai watu fulani kwa majina ya kazi zao. Wakala ana wajibu wa kugeuza uso na kumrudishia mteja simu anapofika kwenye namba ya siri, hata kama mteja mwenyewe hajali, kwa sababu asiyejali leo ndiye atakayemshtaki kesho. Mwajiri ana wajibu wa kumpa kila mfanyakazi akaunti yake na kuacha kulipia jina moja litumiwe na watano. Mchungaji, padri na imamu, wanaohubiri kila wiki juu ya uaminifu, wana wajibu wa kusema waziwazi kwamba wizi wa namba ya siri ni uvunjaji wa amana, na kwamba kumsonga mwenzi atoe nywila ili athibitishe mapenzi ni dhuluma. Na kila mmoja wetu anaweza kuanza leo kwa kubadili namba anayojua kuwa watu wengine wanaijua, kisha kuwaeleza bila kuona haya kwamba amefanya hivyo kwa ajili yao pia. Mji wa mpakani unaishi kwa kuaminiana na wageni, na imani hiyo itadumu pale tu kila mtu atakapoweza kusema, kwa kila tendo lililofanywa kwa jina lake, kwamba ni yeye aliyelifanya.